Yakhe, pita jikoni kwanza kabla ya dukani

Wete, Pemba

Assalaam alaykum sahibu yangu,

Ujumbe wako nimeupata na nimecheka peke yangu mpaka mama akaja kuchungulia mlangoni kuna nini. Yani huna hata miezi miwili hapo mjini ushaanza kuuliza bei ya fimbo ya kizungu ya kuzungusha, eti kwa sababu wenzio wa kazini wanakwenda kuvua samaki pwani ya Fumba kila Ijumaa jioni na wewe hutaki kuonekana mshamba. Weka pesa yako yakhe. Mshipi, yani uzi wa kuvulia, na ndoana nunua, hivyo havina mbadala, vilobaki vyote vimo ndani ya nyumba.

Chukua chupa ya maji ya nusu lita, mshipi uzungushie hapo. Ukirusha unaielekeza mdomo mbele na mshipi unafyatuka wenyewe, na ndoana za akiba unaziweka mle mle ndani, ukifunga kizibo hata ikidondoka baharini inaelea unaikuta. Kandambili kuukuu usitupe, kata kipande kiwe chelezo cha kuelea juu ya maji, kipande chengine choma ndoana zako zisikuingie mfukoni (nadhani unakumbuka mwenyewe yale ya Mkoani, mie simwambii mtu).

Sasa chubwi, ile ya kuzamishia ndoana, hapa ndo nataka unisikilize. Fumba chini ni mawe matupu, kila ukitupa unanasa, na watu wanapoteza mshipi mzima na ndoana juu. Wewe okota nati kuukuu kwa fundi baskeli, halafu usiifunge kwa mshipi wenyewe, ifunge kwa uzi wa cherehani wa pamba, ule dhaifu. Ikinasa unavuta kidogo uzi unakatika, nati inabaki kwenye jiwe na wewe unarudi na kila kitu chako. Mie nlifundishwa na ami yangu baada ya kumaliza mishipi yake mitatu kwa siku moja, alikuwa hacheki siku hiyo.

Uzi huo huo unafungia chambo, maana ngisi ni laini, samaki wadogo wanamnyonya wakamwacha mtu na ndoana tupu. Kama chambo chako ni vibua, kata vipande usiku uvifukie kwenye chumvi ya jikoni, asubuhi nyama inakuwa ngumu haitoki ovyo. Lakini tahadhari na vyombo vya watu! Mie nlichukua kifumbu cha mama cha kuchujia nazi nikawekea kamba wangu wa chambo, nikakiosha vizuri kwa sabuni nikakirudisha, basi siku ya pili wali wa nazi unanuka gatini, wageni wamekaa mkekani kila mtu anamtazama mwenziwe. Mpaka leo nikiingia jikoni naulizwa nnatafuta nini.

Thamosi nayo usiiache. Si ya chai tu, tia maji ya moto. Ukivuta tasi miba yake ina sumu unaijua, mkono unawaka mpaka kwapani, unautumbukiza kwenye maji ya moto kiasi unachostahamili, yasikuunguze, maumivu yanapungua sana. Nilishamwona mtu anamiminia chai ya tangawizi yenye sukari, sijui alitarajia nini.

Mambo mengine madogo madogo, soksi ilochakaa kata uvae vidoleni ukimvuta kolekole asikuchane na mshipi, dumu la mafuta la lita 5 ulikate ubavu linakuwa upo wa kufulia maji mkipanda chombo, chupa ya lita moja na nusu igandishe kwenye friza uende nayo badala ya kununua barafu, na samaki wafunike kwa gunia bichi upepo uwapoze. Vizibo vya soda vinne ukivipigilia kwenye kijiti unaparia magamba.

Ila kuna kitu cha nyumbani sikitaki hata ukitaje, chandarua. Najua utawaona watu wanakokota nacho maji yakitoka, kinazoa mpaka vichanga visivyofika urefu wa kucha, na ni marufuku pia. Kilalie chandarua chako.

Haya, sasa na mie nna langu. Ukipita sokoni Darajani ninunulie ndoana namba 10, paketi mbili, huku nnazopata zinanyooka kwa changu wa kawaida tu. Mpe mtu anayekuja na boti, ntamsubiri gatini. Na kifumbu kimoja kipya pia, nifutie deni langu kwa mama.

Mie mwenzio wa Wete