Mzee alikuwa muogeleaji hodari, kwa nini tunamwanzisha kina kifupi?

Swali hili huletwa zaidi na watoto wa mgonjwa wa Parkinson anayekuja kwenye mazoezi yetu ya bwawani: "Baba kakulia baharini, daktari kasema Parkinson inataka mazoezi, mbona mnamweka pale wanapochezea watoto?" Wana haki ya kuuliza. Hapa Unguja, mtu aliyejifunza kuogelea kwa kujirusha baharini kutoka ukuta wa Forodhani hawezi kufurahi kupewa boya na kuambiwa asimame kwenye maji ya kifuani.

Ugonjwa wa Parkinson huua taratibu seli za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayouwezesha mwili kufanya mambo yake ya kawaida bila mtu kuyafikiria: kutembea huku mikono ikienda na kurudi, kujigeuza kitandani, kufunga vifungo vya shati. Kuogelea nako kumo humo. Mikono, miguu, shingo na pumzi vinatakiwa viende pamoja, na aliyezoea hata havifikirii. Ugonjwa ukishaingia, mkono mmoja unachelewa, kiwiliwili kinakaza hakigeuki, miguu inazama. Mzee bado anajua kuogelea, ila mwili haumfuati. Tena huenda asilijue hilo mpaka awe ndani ya maji, maana nchi kavu anatembea vizuri tu.

Wenye kifaa cha kuchochea ubongo kwa umeme, kile kinachopandikizwa kwa upasuaji, tunawaangalia zaidi. Mwaka 2019 madaktari wa Zurich, Uswisi, waliripoti habari za wagonjwa 9 wa aina hiyo, wote waogeleaji wazuri hapo kabla. Kifaa kiliwasaidia sana katika mwendo, lakini walipoingia majini wakakuta hawawezi tena kuogelea. Mmoja wao, kwa jinsi alivyojiona mzima, alijitosa ziwani. Asingekuwapo mtu wa familia yake wa kumtoa, angezama. Watatu walijaribu kuzima kifaa, uwezo ukarudi papo hapo, ila dalili nyingine nazo zikazidi, ikabidi wakiwashe tena. Kwa hiyo ukija kujiandikisha tutakuuliza kuhusu kifaa hicho, hata kama upasuaji ulifanyiwa India miaka mingi nyuma. Na tafadhali usikizime mwenyewe ili uogelee. Hilo ni la daktari wako.

Basi kwa nini maji? Kwa sababu maji yakifika kifuani, miguu hubeba kama theluthi moja tu ya uzito wa mwili, na anayeyumba haanguki kwa kishindo. Mtu aliyeacha kutembea kwa kuogopa kuanguka huanza kupiga hatua ndefu tena. Yakipita mabega, nyayo zinakosa mshiko na faida hiyo inapotea, kwa hiyo hatuna haraka ya kwenda mbele.

Kazi yenyewe haina mbwembwe. Mgonjwa anashika chuma cha pembeni, anatembea mbele, kinyumenyume, kisha ubavu. Anazungusha kiwiliwili kulia na kushoto huku mikono imenyooka chini ya maji. Mguu ukiganda, usogee hausogei, mwalimu hamvuti. Anahesabu kwa sauti, "moja, mbili, moja, mbili," na mara nyingi ule mdundo ndio unaoufungua. Kuelea chali kunakuja baadaye, mkono wa mwalimu ukiwa chini ya mgongo. Wapo wanaofika hadi kuogelea upana wa bwawa. Wengine wanabaki kutembea, na hao pia wamefanya mazoezi.

Hatutibu Parkinson. Atakayekuambia bwawa lake linatibu, shika mfuko wako.

Saa ya kuja tunaipanga kwa kufuata dawa. Anayetumia levodopa aje wakati dawa imeshashika, si wakati inakwisha nguvu. Mwenye shida ya kumeza atuambie mapema, kwani hupaliwa upesi. Kutoka majini ndiko kunakotutia wasiwasi kuliko kuingia: presha ya damu inaweza kushuka ghafla na kizunguzungu kikamkuta mtu juu ya ngazi. Kwa hiyo anapanda taratibu, anakaa kitini, anakunywa maji, ndipo aende kubadilisha nguo. Na sakafu ya pale inateleza, njoo na ndara zenye mkanda wa kufunga nyuma ya kisigino.

Kina mama wana saa yao, mwalimu mwanamke, mapazia yameshushwa. Vazi la kuogelea la kufunika mwili mzima linafaa, lakini dera na kanga hapana: zinanywa maji, zinakuwa nzito na kuzonga miguu ambayo tayari ina kazi ya kutosha.

Siku ya kwanza njoo na barua ya daktari, orodha ya dawa na saa unazozinywa, na mtu mmoja wa nyumbani. Huyo hatumtozi, na akitaka kuingia majini naye aje na nguo.