Barua ya wazi kwa Afisa Elimu wa Mkoa wa Dar es Salaam: tupeni dakika 80

Ndugu Afisa Elimu,

Sisi ni walimu wa hisabati, fizikia na kemia katika shule za kata jijini. Ombi letu la kwanza ni la ratiba, fedha baadaye: kila mkondo, tangu kidato cha kwanza, upate vipindi viwili mfululizo kwa wiki kwa ajili ya vitendo. Kipindi kimoja cha dakika 40 huishia kwenye kugawa vifaa na kuvikusanya. Ndiyo maana vitendo husogezwa hadi kidato cha nne, na mwanafunzi akashika bureti (mrija wenye alama za kupimia ujazo wa kimiminika) kwa mara ya kwanza mtihani ukiwa mlangoni.

Tangu agizo la Rais Kikwete la maabara tatu kila shule ya kata, mazungumzo yamekuwa ya majengo. Yanahitajika, lakini pendulumu (nati inayobembea kwenye uzi) haisubiri jengo. Wanafunzi 80 katika vikundi vya watano wanahitaji nyuzi 16, nati 16, rula, saa za kuhesabu sekunde na misumari ya kuning'inizia. Urefu uwe sentimita 25, 50, 75 na 100; mbembeo 20 zitachukua takriban sekunde 20, 28, 35 na 40.

Makosa yanajulikana. Anayesema "moja" anapoachia nati badala ya "sifuri" amehesabu mbembeo 19 akidhani ni 20, na mchapuko wa uvutano (g) unatoka karibu 10.9 badala ya 9.8 (mita kwa sekunde ya mraba). Anayepima uzi hadi kwenye fundo, si katikati ya nati, anapoteza sentimita moja hivi. Kwenye kosa hili la pili ndipo hisabati inapoingia: akikokotoa kwa kipimo kimoja anakosea, lakini akichora mraba wa muda wa mbembeo moja dhidi ya urefu, mteremko hubaki takriban 4 (sekunde za mraba kwa mita), mstari tu ndio haupiti kwenye sifuri. Kwa hiyo mwalimu wa hisabati afundishe grafu wiki hiyohiyo: skeli ambayo kila kisanduku ni 1, 2 au 5, kamwe si 3 wala 7, na mteremko usomwe kwenye nukta mbili za mstari zilizo mbali. Kwa sasa masomo haya mawili hukutana kwenye mtihani tu, jambo la ajabu kidogo.

Kemia inadai uangalifu zaidi kuliko gharama. Vikundi 16 vya taitresheni (kupima asidi kwa besi kidogo kidogo hadi zitoshane) vinatosheka na lita 2 za kila kimiminika chenye ukolezi wa 0.1 M (moli 0.1 kwa lita): gramu 8 za sodiamu hidroksidi, na mililita 17 hivi za asidi hidrokloriki kali (isiyozimuliwa), asidi ikimiminwa kwenye maji, si maji kwenye asidi. Sodiamu hidroksidi hunyonya unyevu na hewa ya ukaa, hivyo ipimwe haraka, itayarishwe asubuhi hiyo na chupa ifungwe. Bureti iliyosuuzwa kwa maji peke yake huzimua asidi, na ujazo unaosomwa unapanda.

Kazi hii yahitaji fundi sanifu wa maabara. Pasipo na wa kila shule, shule tatu jirani zimgawane mmoja, kila moja ikiwa na siku zake.

Ratiba za Januari hupangwa Desemba. Tunaomba waraka uwafikie walimu wa taaluma kabla ya shule kufungwa.

Walimu wa hisabati na sayansi, Dar es Salaam