Injini milioni mbili na laki sita, gari milioni sita: pesa ilikwenda wapi?

Wiki iliyopita mteja alisimama mlangoni mwa gereji yetu hapa Tabata, wateja wengine wakiwepo, akasema, "Fundi, mmenipiga." Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Alikuja na bajeti ya milioni tatu na nusu, gari likamtoka kwa 6,150,000. Nikamvutia kiti, tukapitia risiti moja baada ya nyingine. Tuliagana vizuri, na amekubali nieleze mkasa wake bila jina, maana si wa kwanza kuniambia maneno hayo.

Gari lake ni Toyota Mark II GX100, la kwanza kulijenga kwa hela yake mwenyewe. Lilikuwa na injini ya 1G-FE iliyochoka kabisa: inakula oili, na ukiiwasha asubuhi majirani wanafunga madirisha. Akataka tumwekee injini kubwa zaidi, 1JZ-GE ya VVT-i (ile inayojirekebishia muda wa valvu), isiyo na turbo. Nilimsifu. Bodi ya GX100 na JZX100 ni ndugu wa tumbo moja, Toyota wenyewe waliifunga 1JZ kwenye hiyo JZX100, kwa hiyo injini inakwenda kukaa mahali palipoandaliwa kiwandani. Unatoka lita mbili kwenda mbili na nusu, nguvu za farasi 140 za 1G ya mwanzo kwenda 200. Kwa mradi wa kwanza sishauri mtu atoke nje ya ukoo wa gari lake. Kuna kijana alitaka tumfungie V8 kwenye Starlet. Tulimwagizia chai, tukaongea mpaka wazo likampita.

Tatizo lilianzia kwenye kununua. Tulishamwonyesha seti kamili iliyotoka kwenye hafukati, yaani gari lililokatwa nusu Japani likaja na kila kitu chake: injini, giaboksi, wayaringi nzima, kontrol boksi (kompyuta ya injini), rejeta na feni zake. Bei 3,600,000. Tukamwambia asubiri Jumatatu twende naye. Jumamosi akapita Gerezani peke yake, dalali akamdaka, akamuuzia 1JZ kavu, yaani injini tupu bila vifaa vyake, kwa 2,600,000. Akanipigia simu kwa furaha kwamba ameokoa milioni.

Ilipofika kwenye kirikuu, kigari cha mizigo, niliiangalia nikanyamaza. Waya zilikuwa zimekatwa kwa koleo, vidole viwili kutoka kwenye soketi za nozo za petroli. Soketi nyingine hazikuwepo kabisa. Kontrol boksi hakuna, giaboksi hakuna.

Hesabu yake ikawa hivi. Wayaringi na kontrol boksi vya kutafuta mtaani, laki saba. Giaboksi yake, laki nane, kwa sababu hizi otomatiki zinaendeshwa na kontrol boksi ileile ya injini. Ukichanganya ukoo, gia zinaingia zinavyotaka zenyewe. Rejeta ya 1JZ na feni, laki mbili na nusu. Ile milioni aliyookoa imemrudia ikiwa 1,750,000, na gari lilikaa wiki tano tukisaka wayaringi ambayo haijachezewa. Wiki tano hizo hatukumtoza kulaza gari.

Zilizobaki angezilipa hata angenunua seti kamili. Taiming belti, tensiona, wota pampu, oili sili za mbele na nyuma na maunti (raba za kushikia injini) mpya: 480,000. Hapa wateja wengi hukunja uso, "Fundi, si injini ya Japani hii, imetembea kidogo?" Hakuna anayejua imetembea kiasi gani. Sili ya nyuma ya krankshafti, injini ikiwa imening'inia kwenye winchi, ni kazi ya dakika chache. Ikivuja mwezi mmoja baadaye lazima giaboksi ishuke tena, na ufundi unalipa upya kwa kipande cha mpira cha bei ya chipsi kuku. Oili, koolanti na hozi 170,000. Kuunga ekzosi 150,000. Ufundi milioni moja.

Tuongee hiyo milioni moja, maana ndiyo inayotuletea maneno. Najua wapo watakaokufungia kwa laki tatu, siku tatu, na injini itawaka mbele yako, utapiga video. Kuwaka ni jambo dogo. Mwaka juzi tulipokea Toyota Chaser lililofungwa hivyo mahali pengine. Lilikuwa zuri mpaka masika yalipoanza, kisha likawa linazima kila likipita kwenye dimbwi. Tulipofungua wayaringi chini ya dashibodi tulikuta maungo kama arobaini, waya zimesokotwa kwa vidole na kuzungushiwa utepe mweusi. Nilipoubandua mmoja, shaba ndani ilikuwa ya kijani, inamong'onyoka kama unga. Mwenye gari alishalipa laki tatu zake. Kwetu ikabidi alipie wayaringi nzima.

Sisi wayaringi tunaitandaza mezani kabla haijaingia kwenye gari. Kila soketi inaandikwa kwenye karatasi ya gundi, waya za injini zinapimwa mmoja mmoja dhidi ya mchoro, kila ungo unalehemiwa kwa risasi na kuvishwa mpira wa kusinyaa kwa moto. Hiyo peke yake ni siku nne za kijana mmoja aliyeinama. Kabla ya hapo injini yenyewe tunaipima mgandamizo silinda zote sita. Sitafuti namba kubwa, natafuta sita zinazokaribiana. Moja ikiwa chini sana ya wenzake, injini inarudi ilikotoka, na ndiyo maana tunataka muuzaji anayekubali kurudishiwa kwa maandishi.

Gari likishawaka tunalipeleka barabara ya Mandela saa kumi na moja jioni kwenye foleni, AC imewashwa. Kama halichemki pale, halitachemka popote Dar es Salaam. Hili la mteja wangu lilichemka mara ya kwanza. Feni moja ilikuwa inazunguka kinyume, waya zake zimegeuzwa. Bora tumeligundua sisi kuliko yeye akiwa Chalinze na familia.

Kuna mtego mwingine nisiuache. Ukiambiwa 1JZ kwa bei ya kutupwa, uliza kama ni D4, ile 1JZ-FSE iliyokuja na Mark II za 2000 kuendelea. Ni 1JZ kwa jina, lakini inamwaga petroli moja kwa moja ndani ya silinda, ina pampu ya presha kubwa na vitu vyake vya pekee. Ikiwa nzima ni injini nzuri. Pampu ikichoka utaitafuta mpaka uichukie. Kwa mradi wa kwanza, iache ipite.

Na breki. Diski nyembamba, kalipa inayokwama, tairi za mtumba, halafu unaongeza nguvu? Hatufungi injini kubwa kwenye gari ambalo breki zake hatujaziona, hata mteja akinuna. Amenuna mmoja mwaka huu, akaondoka na gari lake.

Kadi ya gari nayo ina namba ya injini na ujazo wake. Injini ikibadilika, kadi inabadilishwa TRA, na gari linakaguliwa na polisi wa usalama barabarani. Dai nyaraka za injini siku unayoinunua, usiziahirishe. Mteja wetu wa zamani aliacha hivyohivyo miaka miwili. Siku anauza gari, mnunuzi akafungua boneti, akasoma namba, akafunga boneti, akaaga.

Kwa anayepanga sasa: ukiona bei ya injini kavu, izidishe mara mbili na kitu, ndiyo bei ya gari kutembea. Ukipata seti kamili, mara moja na nusu. Juu ya hapo weka pembeni moja ya tano ya bajeti na usimwambie fundi, hata mimi. Na kama ndilo gari lako pekee la kwendea kazini, subiri kwanza, maana miezi miwili ya daladala huku gari liko juu ya mawe imevunja miradi mingi kuliko bei ya vipuri.

Malipo yetu ni awamu tatu: gari likiingia, injini ikiwaka, na baada ya ile foleni ya Mandela. Ukitaka kununua injini mwenyewe, hatukatazi. Tupigie kabla hujatoa hela, kijana wetu atakuja na kipimo cha mgandamizo aikague, bure. Nauli ya bodaboda yake tu utalipa wewe.