Watoto na malaria: kabla hatujapanda ndege

Wazazi wenzangu, hamjambo? Zimebaki wiki 6 tutoke London kwenda Nairobi, kisha Serengeti. Naomba tusidanganyane kwamba "sisi tumekulia kule." Watoto wetu wamezaliwa Uingereza, hawana kinga yoyote ya malaria.

Muwaone daktari wiki hii. Dozi ya vidonge hufuata kilo za mtoto, basi mpimeni upya. Vile vya kila siku vya atovaquone na proguanil (Malarone) huanzwa siku 1 au 2 kabla na huendelea siku 7 baada ya kurudi. Hapo ndipo wengi huacha! Mwanangu alikuwa akivitema. Mfamasia akaniruhusu kuviponda ndani ya kijiko cha jemu, akala.

Kwa kuwa tunaingia Tanzania tukitokea Kenya, kila aliyetimiza mwaka 1 awe na cheti cha homa ya manjano. Huanza kutambulika siku 10 baada ya sindano. Angalieni pia kama surua imekamilika.

Jioni ni mikono mirefu, soksi, na chandarua kilichochomekwa chini ya godoro.

Mtoto akipata homa hata miezi baadaye, hospitali siku hiyohiyo, na mtaje Afrika. Asiyepata miadi anipigie, tutafute pamoja.