YAH: Malalamiko kuhusu siku 16 bila intaneti na lugha niliyojibiwa na dawati lenu

Shangani,
Mtwara.
27 Machi 2025

Meneja,
Kitengo cha Huduma kwa Wateja.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mteja wenu wa intaneti ya faiba ya nyumbani, kifurushi cha Sh 70,000 kwa mwezi, na sijawahi kuchelewesha malipo. Nilikuwa nimekwisha kuamua kulimeza jambo hili, kwa kuwa tumo ndani ya Ramadhani na mtu hujitahidi kuuzuia ulimi wake, lakini jana mmenitumia ujumbe wa kunidai Sh 30,000 za "fundi kufika". Deni hilo ndilo lililoniketisha kuandika barua hii.

Tarehe 18 Machi niliwapigia simu kwa mara ya sita. Kijana aliyepokea alinisikiliza nikimweleza hatua zote nilizokwisha kuchukua, na nilipomaliza akaniuliza: "Mama, hapo nyumbani hakuna kijana anayejua kompyuta, nizungumze naye?" Wakati huo mbele yangu alikuwa ameketi mtu anayenilipa kwa kazi ninayoifanya kwa kompyuta hiyo hiyo.

Naomba mfahamu alikuwa ameambiwa nini kabla ya kuuliza swali hilo. Nilimwambia kwamba simu mbili na kompyuta mpakato zote zinashika waifai lakini hazipati intaneti. Kwamba niliiunganisha kompyuta kwa waya moja kwa moja kwenye ruta na hali haikubadilika, hivyo waifai si mkosaji. Kwamba pingi, yaani jaribio la kutuma ujumbe mdogo na kusubiri jibu, ya kwenda 192.168.1.1, yaani kwenye ruta yenyewe, ilijibu mara nne kati ya nne, na pingi ya kwenda 8.8.8.8, yaani huko nje kwenye intaneti, haikujibu hata mara moja. Nilitumia namba na si jina la tovuti makusudi, ili asije mtu akaniambia kosa ni la DNS, mfumo unaogeuza majina ya tovuti kuwa namba. Nilimwambia pia kwamba tangu usiku wa mvua wa kuamkia tarehe 6 taa ya LOS ilikuwa ikiwaka nyekundu, ikizima, kisha ikiwaka tena. Taa hiyo, kama mnavyojua kuliko mimi, huwaka pale mwanga wa faiba usipofika kwenye kifaa kama inavyotakiwa. Mtu aliyepewa maelezo hayo hana haja ya kutafutiwa kijana. Ana haja ya kumtuma fundi.

Na tatizo lilikuwa linaonekana kwa macho. Mkandarasi wenu alipofunga huduma aliupitisha waya kwenye kona ya dirisha la sebuleni, akaukunja kama ndoana na kuubana kwa msumari uliopinda. Nilimuuliza siku ile ile kama faiba inakubali kukunjwa hivyo, akanijibu kwamba huo ni waya wa kisasa. Mvua ilipoanza kupiga upande huo wa nyumba, ndipo usasa wake ulipofika mwisho.

Badala ya fundi, nilipewa ushauri wa kuzima ruta, kusubiri sekunde 30 na kuiwasha. Niliifanya kazi hiyo mara 14; nilihesabu, kwa sababu kuhesabu ndiyo kazi yangu. Tarehe 10 nilikwenda ofisini kwenu hapa mjini, nikaambiwa nyumba ni kubwa na nikauziwa kifaa cha kuongeza waifai kwa Sh 85,000. Nyumba yangu ina vyumba vitatu na ruta iko sebuleni, hatua nne kutoka kwenye meza yangu. Kifaa hicho kimeongeza waifai isiyo na intaneti hadi uani kwa kuku.

Tarehe 12 ndipo mlipoharibu kabisa. Dawati liliniagiza niingize pini kwenye tundu la nyuma ya ruta na kubonyeza mpaka taa zote zizime. Nilitii. Hakuna aliyeniambia kwamba kitendo hicho hufuta jina la mtumiaji na nywila ambazo ruta huzitumia kujitambulisha kwenye mtandao wenu. Kuanzia hapo, hata pale taa nyekundu ilipozima, intaneti haikuingia. Nilipoomba nipewe taarifa hizo nizijaze mwenyewe, nikajibiwa kwamba hazitolewi kwa simu. Kwa hiyo kuzifuta kwa simu kunaruhusiwa, ila kuzirudisha ni lazima aje fundi, na fundi hamkumtuma. Katikati ya hayo nilipokea jumbe mbili zikisema "Tatizo lako limetatuliwa", moja ikiingia wakati nikiwa ninazungumza na dawati lenu hilo hilo.

Narudi kwenye simu ya tarehe 18, kwa sababu sijaieleza yote. Mteja wangu, mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi, alikuwa ameleta bahasha ya risiti zake za EFD, yaani mashine ya risiti za kodi, ili tukamilishe ritani ya VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya Februari, ambayo mwisho wake ni tarehe 20. Simu niliiweka kwenye spika, kwa kuwa mikono yangu ilikuwa kwenye kibodi nikimsomea kijana wenu majibu ya pingi moja baada ya jingine. Aliposema "Mama, hapo nyumbani hakuna kijana anayejua kompyuta", mteja wangu aliinua macho kutoka kwenye risiti. Nikamjibu kijana kwa upole kwamba mimi ndiye ninayeijua kompyuta ya nyumba hii. Akaziba simu, lakini hakuiziba sawasawa, tukamsikia sote wawili akimwambia mwenzake, "Kuna bibi hapa ananisomea namba," wakacheka. Aliporudi akasema, "Haya mama, zima ruta, subiri sekunde thelathini." Mteja wangu alianza kuzipanga risiti zake upya ndani ya bahasha, taratibu, bila kunitazama.

Ritani yake niliiwasilisha tarehe 20 saa tano na dakika arobaini usiku kwa bando la simu, baada ya kutumia Sh 24,000 za bando tangu tatizo lianze. Kesho yake akaja kuchukua mafaili yake yote. Hakunilaumu, na afadhali angenilaumu.

Fundi wenu alifika tarehe 22. Namtendea haki: alikuwa na adabu na anaijua kazi yake. Alichomeka kipimo chake cha nguvu ya mwanga wa faiba, kikasoma hasi 29, akasema mwenyewe kwamba haitakiwi kushuka chini ya hasi 27. Aling'oa msumari, akaukata waya na kuuunga upya kwa mkunjo mpana, kipimo kikasoma hasi 21. Akajaza jina na nywila. Kazi yote haikufika nusu saa. Kwa nusu saa hiyo, iliyorekebisha kosa la mkandarasi wenu, ndipo mnanidai Sh 30,000.

Naomba deni hilo lifutwe na nirejeshewe Sh 36,129, ambazo ni siku 16 kati ya 31 za kifurushi cha Machi. Naomba pia Sh 85,000 za kifaa, ambacho kiko ndani ya boksi lake pamoja na stakabadhi, na Sh 24,000 za bando. Jumla ni Sh 145,129. Nilipoanza kuandika nilidhani hayo yangetosha. Hayatoshi. Nataka rekodi ya simu ya tarehe 18 isifutwe, msimamizi wa dawati aisikilize hadi pale penye kicheko, na aniandikie barua ya kuniomba radhi ambayo naweza kumwonyesha yule mteja.

Nawapa siku 14 tangu mtakapoipokea barua hii. Zikipita, nitavunja mkataba bila kulipa faini yoyote ya kuuvunja, na nitawasilisha lalamiko langu Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania kwa mujibu wa Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, nikiambatisha picha za taa ya LOS, jumbe zenu mbili za "limetatuliwa" na orodha ya simu zote kwa tarehe na saa. Msumari pia ninao.

Atakayenipigia kuhusu barua hii azungumze na mimi mwenyewe.

Wenu,

(Sahihi)
Mteja na mhasibu wa kujitegemea,
Shangani, Mtwara.