Mwanangu, Mtihani Usubiri Kidogo

Chake Chake, Pemba

Mwanangu mpenzi,

Assalaamu alaykum. Sisi huku hatujambo, na bibi yako anakusalimu sana. Unaniomba ada ya mtihani wa CCNA, cheti cha mitandao cha kampuni ya Cisco, dola 300 za Marekani, na papo hapo unanieleza kwamba ile nafasi ya mafunzo kazini katika hoteli ya Paje unataka kuikataa, kwa sababu posho yake ni ndogo na kazi yenyewe, kwa maneno yako, ni ya kuvuta waya. Ada nitakupa. Ninachotaka ni uanze kwenda Paje, na mtihani uufanye baadaye.

Usidhani kwamba navidharau vyeti. Katika kazi yangu ya TEHAMA nimewahi kukaa na wanaopitia maombi ya kazi, na najua kwamba maombi yanapokuwa mengi, asiye na cheti huwekwa kando mapema. Wanaosema kuwa vyeti ni makaratasi tu aghalabu ni watu waliokwisha kupata kazi.

Lakini tazama cheti chenyewe kilivyo. CCNA hudumu miaka 3, kisha sharti ukihuishe kwa mtihani mwengine au kwa mafunzo yanayotambuliwa na Cisco; A+ ya CompTIA, cheti cha ufundi wa kompyuta, nayo ina muda huo huo. Ukifaulu mwezi ujao, nawe hujashika swichi, kile kisanduku kinachounganisha waya za mtandao, ila zile za ndani ya Packet Tracer, programu ya kuigiza mitandao, miaka hiyo itaanza kuhesabiwa huku ukiwa bado unamtafuta mtu wa kukuachia mitambo yake. Wenye vyeti vya juu wanalijua hilo: CISSP, cha usalama wa mifumo, hutaka miaka 5 ya kazi ya kulipwa, shahada ikipunguza mwaka 1 tu, na anayefaulu mtihani bila ya miaka hiyo hubaki mshirika tu, bila ya cheti chenyewe, mpaka aitimize.

Nikueleze nililoliona mwenyewe. Katika ofisi moja hapa Pemba mtandao wote ulisimama asubuhi, na taa za swichi zikawa zinametameta zote kwa pamoja, mbio mbio, bila ya kupumzika. Kijana mmoja mwenye cheti alifungua kompyuta yake akaanza kukagua anwani za IP, zile namba zinazotambulisha kila kompyuta mtandaoni. Fundi aliyejifunzia kazi juu ya ngazi aliziangalia zile taa, akaanza kuchomoa waya mmoja mmoja, mpaka alipofika kwenye mmoja taa zikatulia. Kumbe mfanyakazi alikuta ncha ya waya inaning'inia chini ya meza, akaichomeka ukutani, na waya ukawa umetoka kwenye swichi na kurudi kwenye swichi ile ile, data zikizunguka bila ya mwisho. Basi wazee wa ofisi wakamcheka kijana. Siku chache baadaye balaa likarudi, na safari hii kijana ndiye aliyeuliza kwa nini STP, itifaki inayozuia mzunguko wa namna hiyo, ilikuwa imezimwa. Akaiwasha, na halikutokea tena. Fundi hakuwahi hata kuisikia.

Kwa hiyo nataka uyajue yote mawili, ila kwa mpango. Paje utaona jinsi chumvi ya bahari inavyokula plagi za antena za nje, jambo ambalo hakuna mtihani utakaokuuliza. Utaona umeme ukikatika na betri ya UPS, kile kifaa cha akiba ya umeme, imechoka, ruta ikazimika, na mipangilio ambayo mtu aliibadilisha bila ya kuihifadhi ikapotea, huku mgeni amesimama mapokezi usiku akidai intaneti yake. Kila hitilafu iandike kwenye daftari: ulichokiona, ulichokijaribu, kilichokuwa sababu. Usiku fungua kitabu cha CCNA, tafuta ukurasa unaoeleza jambo hilo hilo. Ukiona kurasa nyingi zimepata wenzao kwenye daftari, weka miadi ya mtihani, nami nitatuma pesa siku hiyo hiyo.

Mjomba wako anakuja Unguja kwa boti ya Alhamisi. Nimempa waya wa konsoli, ule wa kuunganisha kompyuta na swichi au ruta ili kuipangilia, na koleo langu la kubania plagi. Waya ni wako. Koleo nalitaka, usilitoe kwa mtu.

Wasalaam,
Mama yako