ACT, yaani muda wa damu kuganda, imesoma sekunde 400 lakini chujio limeganda: tatizo liko wapi?

Ndani ya chujio la dayalisisi, yaani kusafisha damu kwa mashine, kuna maelfu ya vimirija vyenye tundu la takriban mikroni 200. Damu ikianza kuganda humo, eneo la kusafishia hupungua kimyakimya. Chujio likiziba kabisa, damu yote iliyo nje ya mwili, mara nyingi mililita 150 hadi 250, haifai tena kurudishwa. Kwa mgonjwa wa figo ambaye tayari ana upungufu wa damu, hasara hiyo ni kubwa mno.

Kengele ya presha husema kweli, ila husema kwa kuchelewa. Bonge likikaa kwenye chemba ya vena au kwenye sindano ya kurudishia, presha ya vena hupanda. Likiwa ndani ya chujio, presha ya kabla ya chujio ndiyo hupanda, huku ya vena ikitulia au kushuka. Ndiyo maana tunasisitiza kupima ACT kabla kengele haijalia.

Pima kwanza kabla ya heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Lengo linalotumika sana wakati wa tiba ni kuongeza asilimia 80 juu ya kipimo hicho cha awali: aliyeanza na sekunde 125 afike kama 225. Kuelekea mwisho, asilimia 40 inatosha, la sivyo tundu la sindano litavuja damu muda mrefu.

Sasa, ile 400 ya ajabu. Karibu kila mara kosa ni mahali damu ilipochotwa. Sampuli itoke laini ya ateri, kabla ya pale bomba la heparini linapoingilia. Ukichota baada ya hapo, unapima heparini ya sirinji, si damu ya mgonjwa. Kwenye katheta, mrija uliowekwa kwenye mshipa wa mgonjwa, ni hatari zaidi, kwa sababu heparini iliyofungiwa humo huwa kali: vuta mililita 5 hadi 10 za mwanzo na kuzitupa, ndipo uchote ya kupima. Iingize kwenye kipimo papo hapo. Ikikaa kwenye sirinji huanza kuganda, na jibu hutoka fupi kuliko hali halisi. Kijitubo cha kupimia kilichotoka friji nacho kiache kipate joto la chumba kwanza.

Usilinganishe pia namba za mashine mbili tofauti. Kaolini na selaiti, vitu vinavyowekwa kwenye kipimo ili kuanzisha kuganda, haviamshi damu kwa namna moja.

Majibu yakiwa sahihi na chujio bado linaganda, kagua hewa iliyobaki wakati wa kujaza mzunguko, na pampu inayosimamasimama. Damu iliyosimama huganda hata heparini ikiwepo.

Asiyeruhusiwa heparini husuuziwa mililita 100 hadi 200 za maji ya chumvi kila dakika 15 hadi 30. Jumla yake iongezwe kwenye maji ya kutolewa mwilini, maana hapo ndipo wengi husahau na mgonjwa hurudi nyumbani amevimba.